Matajiri wanaoijenga ng'ambo ya Mombasa na deni lao kwa wenyeji

Mnamo Desemba 2024, kampuni ya Amsons kutoka Tanzania, inayoongozwa na Edha Nahdi, ilikamilisha ununuzi wa Bamburi Cement. Ilitoa Sh65 kwa kila hisa, bei iliyoithamini kampuni nzima kwa takriban Sh23.6 bilioni, na wenye zaidi ya asilimia 96 ya hisa wakakubali kuuza. Holcim ya Uswisi, iliyokuwa na hisa nyingi kuliko wote, ikafunga virago. Kiwanda kilichoanza kusaga saruji Kisauni mwaka 1954, na ambacho kwa miaka mingi kilidhibitiwa na kampuni za Ulaya, sasa ni mali ya wafanyabiashara wanaozungumza lugha moja na kibarua anayepakia mifuko kwenye lori.

Wengi waliisoma habari hii kama ya soko la hisa Nairobi. Kwa mkazi wa Kisauni, Likoni au Changamwe, ni habari ya mtaani kwake. Kwa miaka mingi kisiwa cha Mombasa kilibaki na jina, mabenki na maofisi, huku ng'ambo ikibeba moshi wa viwanda, mashimo ya machimbo, matangi ya mafuta na vyumba vya kulala wafanyakazi. Leo kisiwa kimejaa. Ardhi ya kujenga iliyobaki iko ng'ambo, na matajiri wa Mombasa, Dar es Salaam na kwingineko wamekwisha kuliona hilo.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Historia ya ng'ambo inaonyesha kwamba mgeni amekuja mara nyingi, na mara nyingi amejenga. Mwenyeji amepona pale tu alipokuwa na vitu vitatu mkononi: ardhi iliyoandikwa kwa jina lake, ujuzi wa kazi, na nafasi katika zabuni.

Kutoka daraja la kulipia hadi msitu wa mivinje

Nyali haikufunguliwa na serikali. Waliokuwa na ardhi upande ule ndio walioona kwamba bila njia ya kuvuka, mashamba yao hayatakuwa mji. Mwaka 1931 daraja lililoelea juu ya maji likafunguliwa, na kila aliyevuka alilipa. Ploti zikapata bei, nyumba za kifahari zikajengwa ufuoni, na mtaa wa matajiri ukazaliwa. Daraja la zege tunalolitumia leo lilifunguliwa mwaka 1980, na ni hapo ambapo Kisauni ya watu wa kawaida, kuanzia Kongowea hadi Mtopanga, ilianza kupanuka kwa kasi.

Kufikia wakati huo kiwanda cha Bamburi kilikuwa kimeshafanya kazi zaidi ya miaka ishirini. Mwanzilishi wake, Felix Mandl, aliianzisha kampuni mwaka 1951 baada ya kutambua kuwa pwani nzima imelala juu ya mwamba wa matumbawe, malighafi ya saruji iliyo hatua chache kutoka bandarini. Kilipoanza, kiwanda kilikuwa na uwezo wa kutoa tani 140,000 kwa mwaka. Nyumba, shule, bandari na barabara nyingi za Kenya huru zimesimama juu ya mawe yaliyotoka Kisauni.

Lakini machimbo yaliacha jangwa. Mwaka 1971, mtaalamu wa kilimo René Haller alikabidhiwa ardhi iliyochimbwa hadi ikabaki mwamba mtupu unaowaka jua, na maji ya chumvi chini yake. Alijaribu aina 26 za miti. Nyingi zilikufa, na mvinje ukawa ndio uliostahimili zaidi. Majani yake makavu yalianguka yakarundikana bila kuoza, hadi Haller alipoleta majongoo yakayala na kuyageuza mbolea. Udongo ukaanza kujengeka juu ya jiwe, ndege wakarudi, na mahali palipokuwa shimo leo panaitwa Haller Park, ambako wanafunzi wa Pwani hupelekwa kujionea twiga na viboko.

Nimelieleza jambo hili kwa kirefu kwa sababu ni kipimo. Tajiri aliyechimba ana wajibu wa kurudisha, na Bamburi ilionyesha kwamba inawezekana. Wamiliki wapya wamerithi kiwanda pamoja na wajibu huo. Mkazi wa Kisauni ana haki ya kuwauliza mpango wao kwa machimbo yanayoendelea, na kwa vijana wanaoishi kando ya uzio.

Changamwe: tanuri lililozimwa na makasha yaliyoondoka

Changamwe ndiyo iliyoonja mapema kuliko wote uchungu wa uchumi unaotegemea lango la kiwanda kimoja. Kiwanda cha kusafisha mafuta kilizinduliwa mwaka 1963, kikawa fahari ya Afrika Mashariki na riziki ya familia nyingi kuanzia Chaani hadi Magongo. Mwaka 2013 kikazimwa. Mitambo ilikuwa imezeeka, na kuagiza mafuta yaliyokwisha kusafishwa kukawa rahisi zaidi. Matangi yalibaki kama maghala, lakini waliokuwa wakiwahudumia mafundi, yaani mama ntilie, wenye nyumba za kupanga na wenye maduka, walipoteza wateja bila kulipwa kiinua mgongo.

Pigo la pili lilikuja na reli ya kisasa iliyofunguliwa Mei 2017 na kituo chake kujengwa Miritini. Serikali ilipoagiza mizigo isafirishwe kwa reli hadi Nairobi, makasha yaliyokuwa yakifunguliwa na kukaguliwa Changamwe na Jomvu yakaanza kupita bila kusimama. Malori yakaegeshwa, yadi za makasha zikawa tupu, gereji zikafungwa. Mwaka 2019 wafanyabiashara, madereva, mawakala wa forodha na wanaharakati waliandamana Jumatatu baada ya Jumatatu. Oktoba mwaka huo serikali ikalegeza agizo, na Septemba 2022, siku alipoapishwa, Rais William Ruto akatangaza kuwa shughuli za kutoa mizigo zinarudi bandari ya Mombasa.

Tukio hilo lina funzo kubwa kuliko siasa zake. Wenye mali na wenye kutafuta kibarua walisimama upande mmoja, kwa sababu kila mmoja alijua kwamba kasha moja linalofunguliwa Changamwe linalisha watu wengi kabla halijafika Mariakani. Uongozi wa biashara ni huo: kutambua kwamba faida yako na chakula cha jirani yako vinatoka katika sufuria moja.

Wapo pia waliobaki kuwekeza wakati wengine wakisita. Mohamed Jaffer, mfanyabiashara wa Mombasa aliyejulikana kwanza kwa kuleta mitambo ya kupakulia nafaka bandarini, alijenga maghala makubwa ya gesi ya kupikia Miritini, na kwa miaka kadhaa sehemu kubwa ya gesi inayoingia Kenya imepitia kwake. Mama anayebadilisha mtungi Mikindani anatumia miundombinu iliyojengwa na mtu wa mji wake.

Likoni: maji, barabara na hati

Likoni imechelewa kwa sababu ya maji. Feri imekuwa ikivusha watu tangu 1937, na leo zaidi ya watu 300,000 huvuka kila siku. Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama na watu 272 wakapoteza maisha. Mwaka 1997 ghasia zilizoanzia Likoni ziliwakimbiza wakazi na watalii, na uwekezaji ukaganda. Ni vigumu kumshawishi mtu ajenge ghala mahali ambapo lori lake litakaa foleni saa nyingi kabla ya kuvuka kivuko chembamba.

Barabara ya Dongo Kundu, yenye madaraja ya Mwache na Mteza, imebadilisha hesabu hiyo. Sasa gari linatoka Miritini hadi upande wa Likoni na Kwale bila kugusa kisiwa wala kuona feri. Kando ya barabara hiyo serikali imetenga takriban ekari 3,000 kwa eneo maalumu la kiuchumi la Dongo Kundu, kwa msaada na mikopo ya Japani. Mwekezaji mkubwa aliyetangulia kuonekana hapo ni Rostam Aziz wa Tanzania, ambaye kampuni yake ya Taifa Gas iliweka jiwe la msingi Februari 2023 kwa ajili ya kituo cha gesi chenye uwezo wa kuhifadhi tani 30,000.

Hapa ndipo suala la ardhi linapouma. Likoni ni mahali ambapo maelfu ya familia waliishi kwa miaka bila hati katika shamba la Waitiki lenye ekari 930, hadi serikali ilipolinunua na hati zikaanza kutolewa Januari 2016. Wakazi hao walikuwa wamejenga tayari, lakini kwa hofu, kwa udongo na mabati, kwa sababu hakuna anayemwaga zege mahali anapoweza kufukuzwa kesho. Mtu mwenye hati anaweza kukopa, anaweza kuingia ubia na mwekezaji, anaweza kuongeza ghorofa. Asiye na hati hupokea fidia ya mnazi na mwembe, akahama.

Kisauni: nyumba ni yangu, ardhi si yangu

Nenda Kisauni au Chaani uulize habari ya nyumba. Utakuta mtu aliyejenga nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, yenye ukumbi katikati na uwa nyuma, anaishi katika chumba kimoja na kupangisha vilivyobaki. Kodi ya vyumba hivyo imesomesha watoto, imezika wazee, imepeleka watu Makka. Hata hivyo, kila mwezi mwenye nyumba huyo humlipa kodi ya ardhi mwenye shamba, ambaye pengine hajawahi kumwona.

Mzizi wa hali hii ni sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908. Katika ukanda wa maili kumi uliokuwa chini ya Sultani, kila aliyedai ardhi alitakiwa kujitokeza na kuthibitisha dai lake. Waliokuwa na maandishi na uwezo wa kufuatilia walipata hati. Wamijikenda na wengine wengi walioishi kwa mila, wakijua mipaka kwa miti na makaburi ya wazee, hawakuandikwa, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya Taji la Uingereza. Zaidi ya karne moja baadaye, mjukuu anajenga kwa pesa zake juu ya ardhi ambayo benki haiwezi kuipokea kama dhamana.

Wenye nyumba hawa, wengi wao akina mama waliokusanya pesa kwenye vyama vyao, ndio wawekezaji wakubwa wa ng'ambo ingawa hakuna anayekata utepe kwa ajili yao. Wao ndio wanaonunua saruji mifuko mitano mitano kwenye hadwea ya mtaani, wanaomwita fundi na vibarua wake, wanaopasua ukuta wakati familia inapokua. Mpango wowote wa kuijenga upya mitaa, ukiwemo ule wa kaunti wa kubomoa nyumba kuukuu za serikali katika mitaa kama Likoni na Changamwe na kuinua maghorofa, utapimwa kwa swali moja: aliyekuwa akiishi pale, amerudi?

Mfano wa Kibarani

Kwa miaka mingi, msafiri aliyeingia Mombasa kwa barabara alipokelewa na moshi na harufu ya jaa la taka la Kibarani. Lilipofungwa mwaka 2018, kampuni ya Mombasa Cement ilishirikiana na kaunti kulifukia na kulipanda miti na nyasi. Aliyesimamia jambo hilo upande wa kampuni ni Hasmukh Patel, aliyefariki mwaka 2024 na kuombolezwa na Waislamu, Wakristo na Wahindu kwa pamoja, kwani alikuwa akiwalisha maelfu ya wasiojiweza bila kuwauliza dini zao. Kibarani ya leo ni ushahidi kwamba tajiri akitaka, mji hubadilika.

Lakini sadaka, hata iwe kubwa namna gani, haiwezi kuchukua nafasi ya haki. Mwaka 1948, Aga Khan, Sultani wa Zanzibar, jamii ya Mabohora na serikali ya Uingereza walikubaliana kuchangia chuo cha ufundi cha Waislamu mjini Mombasa. Chuo hicho, MIOME, kilipokea wanafunzi wa kwanza 1951, na leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Fedha ile ilinunua ujuzi, na ujuzi umeendelea kuzaa kwa zaidi ya miaka sabini. Kila mwekezaji wa Dongo Kundu na Bamburi angeiga mfano huo, kijana wa Mtongwe na wa Mjambere asingeishia kuwa bawabu wa kiwanda kilichojengwa nyumbani kwao.

Kuhusu zabuni, sheria ipo. Serikali inatakiwa kutenga asilimia 30 ya zabuni zake kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na sheria ya ununuzi ya mwaka 2015 inazitaka kaunti kuwatengea wakazi wake angalau asilimia 20. Kinachohitajika ni viongozi wa biashara wa hapa kuwafundisha wadogo wao kusajili kampuni na kujaza fomu, na kuwalipa kwa wakati wanapowapa kazi ndogo chini yao.

Kwa hiyo, msomaji wa Likoni, Kisauni na Changamwe, kaunti inapoita kikao cha kukusanya maoni ya umma kuhusu bajeti au mradi, nenda. Usiulize ghorofa litakuwa refu kiasi gani. Uliza hati ya ardhi itaandikwa jina la nani, vijana wangapi watafunzwa kazi, na ni kampuni gani za mtaani zimepewa zabuni. Ukikosa majibu ya maswali hayo matatu, usikubali mradi huo uitwe maendeleo yako.