Spea za usukani wa gari la zamani: "Halisi" maana yake nini?

Volkswagen Beetle ya miaka ya 1960 inaweza kupakwa rangi upya na kushonewa viti vipya, ikang'aa kama siku ilipotoka kiwandani. Lakini dereva akizungusha usukani kidogo na magurudumu yasisogee, kazi kubwa bado haijafanyika.

Spea zake hazijaadimika. Zaidi ya Beetle milioni 21 ziliundwa hadi utengenezaji ulipokoma Puebla, Mexico, mwaka 2003. Afrika Mashariki nako gari hili lina historia: lilishinda mbio za Safari mwaka 1954, 1957 na 1962. Kinachomsumbua mwenye gari ni kuchagua.

Wauzaji huita "halisi" vitu vitatu tofauti: spea ya zamani iliyokaa ghalani bila kutumika, spea mpya iliyotengenezwa kwa vipimo vya kiwanda, na ile ya awali iliyokarabatiwa. Ya kwanza ndiyo wapenzi wa magari huitolea pesa nyingi. Kwenye usukani, ndiyo ya kutiliwa shaka zaidi.

Sababu ni mpira. Huzeeka hata ukiwa ndani ya boksi. Raba ya boljointi ikipasuka, vumbi na maji huingia, na chuma huanza kulika. Beetle ina pia kiungo cha mpira kati ya mhimili wa usukani na gia yake. Kukinunua kiungo cha miaka 40 iliyopita kwa sababu tu kina nembo ya kiwanda ni kutupa fedha, tena kwa hatari.

Gia ya usukani ni habari nyingine

Hapa cha zamani mara nyingi ndicho bora, maana kasha la chuma hudumu. Kinacholika ni meno ya ndani, hasa sehemu ya katikati, kwa kuwa gari hutumia muda mwingi likienda moja kwa moja. Mafundi wengine hukaza skrubu ya kurekebishia mpaka usukani uache kucheza. Katikati patakuwa sawa, lakini kwenye kona, ambako meno hayajalika, usukani utakuwa mgumu na huenda ukakwama. Gia iliyolika kiasi hicho ifunguliwe, ibadilishwe sehemu za ndani, beringi na sili, na kasha lake libaki.

Nchini Ujerumani uhalisi una uzito wa kisheria. Gari lenye umri wa miaka 30 au zaidi linaweza kupewa namba yenye herufi H likiwa katika hali nzuri na karibu na lilivyoundwa. Spea mpya za vipimo vya awali hazina tatizo. Mfumo wa usukani wa gari jingine unaweza kulikosesha namba hiyo.

Kabla ya kuagiza, soma namba ya chesisi, ambayo kwenye Beetle iko chini ya kiti cha nyuma. Magari ya kabla ya toleo la 1966 hayana boljointi kwenye ekseli ya mbele, bali kingpini. Gia nazo huuzwa kwa upande, na nyingi zilizoko Ujerumani ni za usukani wa kushoto. Tairodi endi zina nyuzi za kulia na za kushoto, kwa hiyo ziagizwe kwa jozi sahihi. Zikishafungwa, pini za kuzuia nati ziwe mpya, na gari lipimwe alaimenti kabla halijaingia barabarani.