Kukataa Msaada: Heshima ya Taifa na Homa ya Mtoto



Jioni ikiingia Madungu, mjini Chake Chake, mama huteremsha chandarua mapema, maana mbu hangoji kualikwa. Mara nyingi chandarua hicho kimelipiwa na watu wa nchi za mbali. Hapo baba wa nyumba aweza kujiuliza: je, si aibu kuwalaza watoto wetu chini ya kitu cha kupewa? Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Kwa nini tusikatae?

Tusilicheke swali hili, kwani nchi yetu imewahi kukataa kweli. Mwaka 1965 Ujerumani Magharibi iliondoa msaada wake wa kijeshi kwa sababu ya uhusiano wetu na Ujerumani Mashariki. Mwalimu Nyerere hakubembeleza. Aliiambia iondoe na misaada yake mingine ya kiserikali. Desemba ya mwaka huo Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukatukosa. Kisha Azimio la Arusha la 1967 likatuonya kwamba taifa linalotegemea fedha za wengine huuweka uhuru wake hatarini. Hiyo ni heshima, nasi twajivunia.

Lakini kukataa kuna bei, na sharti tuulize nani anailipa. Wazee wa Pemba wanakumbuka mwaka 1971, serikali ya Zanzibar ilipozuia mchele, unga na sukari kutoka nje ili visiwa vijilishe vyenyewe. Hicho hakikuwa chakula cha msaada, ila nia ilikuwa ileile ya kujitegemea. Mabonde ya mpunga hayakutosha, na watu wakashinda kwenye foleni za mgawo.

Upande wa afya tunalo funzo kubwa zaidi. Kuanzia mwaka 1957 Shirika la Afya Duniani lilisaidia kupiga dawa ya DDT majumbani Unguja na Pemba. Kufikia 1968 waliokutwa na vimelea vya malaria walikuwa wamepungua hadi chini ya 5 kwa kila watu 100. Mwaka huohuo mpango ukakomeshwa kwa uamuzi wa serikali yetu, na homa ikarudi kwa nguvu. Aliyeilipa bei ile hakuwa ofisa wala balozi, bali mtoto mchanga na mama mjamzito.

Tangu mwaka 2003 Zanzibar ilianza kutumia dawa mseto, na baadaye vyandarua vyenye dawa na upigaji dawa majumbani. Malaria ilishuka hadi chini ya mtu 1 kwa kila 100. Sehemu kubwa ya gharama ilitoka nje, hasa Mfuko wa Dunia na Marekani. Mnamo Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake. Safari hii si sisi tuliokataa. Mtoaji ndiye aliyerudisha mkono. Kwa mbu ni mamoja: mlango ukiachwa wazi, huingia.

Basi tunaonaje? Kukataa masharti yanayotuvunjia utu ni haki yetu. Kukataa dawa ya mtoto kwa ajili ya fahari yetu sisi watu wazima si haki. Na kupokea tu, bila kujiandaa kwa siku mtoaji atakapoondoka, nako ni uzembe. Kujitegemea ni kupokea huku tukijifunza kazi. Jirani na Madungu, kule Wawi, ipo maabara ya afya ya jamii inayoitwa Ivo de Carneri, iliyofunguliwa mwaka 2000 kwa msaada wa Waitaliano. Msaada wa namna hiyo, unaowaachia wenyeji ujuzi wa kupima na kuchunguza, haumdhalilishi mtu.

Nyumbani kwetu tuanze na haya, ambayo hayangoji mfadhili:

1. Watoto na mama wajawazito walale ndani ya chandarua kila usiku, hata wakati wa kiangazi. Kikitoboka, kishonwe.

2. Mtoto akipata homa, apelekwe kupimwa damu siku hiyohiyo. Tusibahatishe dawa za dukani.

3. Dawa ikitolewa imalizwe yote, hata kama homa imepoa.

4. Mama mjamzito ahudhurie kliniki mapema, naye baba amsindikize.

5. Tufukie mashimo na madimbwi karibu na nyumba.

6. Majirani wa shehia, Waislamu na Wakristo pamoja, waweke akiba ndogo ya nauli ya kumfikisha mgonjwa hospitali usiku.

Na mradi wowote ukija, tuuulize mbele ya sheha: mkiondoka, nani kati yetu atakuwa ameijua kazi hii? Swali hilo halimvunjii mgeni heshima, na latulindia watoto wetu.