Neno "Usharika" na Maisha ya Wakristo wa Kilutheri katika Mbeya

Katika Ilomba, kata mojawapo ya jiji la Mbeya, na katika kata zilizo jirani nayo, husikika maneno mawili yanayotofautiana kwa irabu moja tu. Mkristo wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania husema kwamba yeye ni wa usharika fulani; jirani yake aliye Mmoravia husema kwamba ni wa ushirika fulani. Mkatoliki hutaja parokia yake, na Mwanglikana hutaja mtaa wake. Wote wanne wanataja jambo ambalo kwa nje linafanana, yaani kundi la waumini wa mahali pamoja walio chini ya mchungaji au padre mmoja. Hata hivyo majina hayo hayasemi jambo moja. Parokia na mtaa humwelekeza msikiaji kwenye eneo lenye mipaka. Usharika na ushirika humwelekeza kwenye tendo, nalo ni tendo la kugawana.

Makala haya yamekusudiwa kueleza neno usharika: asili yake, namna lilivyopata kukaa katika Nyanda za Juu za Kusini, na kazi linayoifanya katika maisha ya Walutheri wa huko.

Kwanza yafaa kutazama shina lake. Neno hili limetoka katika Kiarabu, katika shina la konsonanti tatu, sh-r-k, lenye maana ya kuwa na fungu katika kitu pamoja na mwenzio. Katika Kiarabu chenyewe jina la ubia hutamkwa kwa namna mbili, shirka na sharika. Kwa hiyo haifai kudhani kwamba irabu ya Walutheri ni kosa la watu wa bara lililoingia kanisani. Maumbo yote mawili yana msingi. Kilichotokea ni kwamba Kiswahili kimeyapokea na kuyagawia kazi. Umbo lenye i limezaa shiriki, mshiriki, shirikiana, shirika na ushirika, nalo ndilo lililopewa vyama vya wakulima wauzao mazao yao pamoja. Umbo lenye a limebaki karibu lote mikononi mwa kanisa: usharika kwa kundi, na msharika kwa mtu. Mkulima wa kahawa wa Rungwe aliye Mlutheri aweza kuwa mwanachama wa ushirika siku ya Jumamosi na msharika siku ya Jumapili, wala hakuna atakayechanganya mambo hayo mawili.

Kwamba kanisa hili limejiita kwa neno la Kiarabu ni jambo la ajabu kidogo kwa mtu aijuaye historia yake. Wamisionari wa Misioni ya Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, walifika kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1891, mwaka ule ule waliofika Wamoravia huko Rungwe, na misioni hizo mbili zikapatana kugawana nchi. Kutoka kwa Wanyakyusa, ambao Wajerumani waliwaita Wakonde, watu wa Berlin walipanda kwenda kwa Wakinga na Wabena, na baadaye wakafika kwa Wahehe. Kazi yao waliifanya kwa lugha za wenyeji. Kiswahili wengi wao walikitilia shaka, kwa kuwa walikiona kuwa njia ya Uislamu. Katika Kongamano la Makoloni lililofanyika Berlin mwaka 1905, Julius Richter, mmoja wa wakuu wa misioni hiyo, alisema kwa ukali juu ya kuenea kwa Uislamu katika Afrika ya Mashariki. Naye Carl Meinhof, mtaalamu wa lugha za Kibantu, alishauri kwamba Kiswahili chaweza kutengwa na Uislamu kwa kuandikwa kwa herufi za Kirumi na kwa kuondolewa maneno ya Kiarabu. Fikira hiyo haikufa upesi. Karl Roehl, Mlutheri wa Kijerumani, alipotafsiri Agano Jipya lililotoka mwaka 1930 na Biblia nzima iliyotoka mwaka 1937, alijitahidi kuweka maneno ya Kibantu mahali pa yale ya Kiarabu.

Jitihada hizo hazikufaulu. Biblia iliyoenea makanisani ni ile ya mwaka 1952, ambayo haikuyakimbia maneno ya Kiarabu, na ambamo ushirika ni neno lililotumika kufasiri koinonia ya Kiyunani. Mwaka 1963 makanisa saba ya Kilutheri yaliungana kuwa kanisa moja, na kanisa lenye watu wa Kilimanjaro, Usambara, Bukoba na Njombe halikuweza kuwa na lugha nyingine ya kuwaunganisha isipokuwa Kiswahili. Hivyo wajukuu wa misioni iliyokiogopa Kiarabu cha Kiswahili wanajiita washarika, wanatoa sadaka, na kusali sala, nayo yote matatu ni maneno ya Kiarabu.

Sasa yafaa kuuliza neno hili lina kazi gani. Katika mpango wa kanisa, mitaa kadhaa hufanya usharika, sharika kadhaa hufanya jimbo, na majimbo hufanya dayosisi. Dayosisi ya Konde ina makao yake Tukuyu. Lakini chini ya mpango huo kuna maana iliyo ya ndani zaidi. Msharika kamili ni mtu aliyebatizwa, akafundishwa Katekisimo Ndogo ya Luther ya mwaka 1529, akapata kipaimara, na kwa hiyo anaruhusiwa kuikaribia Meza ya Bwana. Aliyeanguka katika kosa kubwa hutengwa na meza hiyo mpaka atubu na kurudishwa kundini. Kwa hiyo mpaka wa usharika, kwa maana yake ya asili, haupiti katika ardhi. Unapita mezani. Ndiyo sababu mtu ahamaye kutoka Makete kwenda Mbeya hutazamiwa kuja na barua ya kumtambulisha: kuhamia katika eneo hakumfanyi kuwa msharika wa hapo.

Kugawana huko hakuishii kwenye mkate na divai. Asiye na fedha huleta mahindi, ndizi, mayai au kuku, na ibada ikiisha watu husimama nje ya kanisa na vitu hivyo kunadiwa. Katika mnada huo mara nyingi bei hupita ile ya sokoni, kwa sababu anunuaye anatoa pia. Katikati ya juma washarika wa nyumba zilizo karibu hukutana katika jumuiya zao kwa sala, nao ndio watangulizi wa kufika penye ugonjwa na penye msiba. Hapo ndipo neno linapopimwa: siku ya maziko huulizwa kama marehemu alikuwa msharika hai, yaani mtu aliyeshiriki kwa kweli, wala si kama jina lake limeandikwa katika daftari tu.

Yaelekea neno hili lilipokewa vema katika nchi hii kwa kuwa lilikuta mahali palipokwisha andaliwa. Monica Wilson, aliyefanya uchunguzi miongoni mwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, alieleza jinsi vijana wa rika moja walivyotoka katika nyumba za wazazi wao na kujenga kijiji chao wenyewe, wakila pamoja na kuzungumza pamoja. Raha ya ukaaji huo waliiita ukwangala, na kitabu chake cha mwaka 1951 kimepata jina lake kutokana na neno hilo. Vijiji vya namna hiyo havipo tena. Lakini kwa watu ambao wazee wao waliamini kwamba ujirani mwema ni kula pamoja, jina la kanisa lenye maana ya kugawana halikuwa geni. Tofauti ni kwamba rika liliwakusanya watu wa umri mmoja, na usharika huwakusanya wazee na watoto, wanaume na wanawake, na katika mji kama Mbeya, Mnyakyusa, Mkinga, Mbena na Msafwa.

Shina hilo hilo lina tawi jingine. Katika Uislamu, shirki ni dhambi ya kumpa Mungu mwenzi, na kutokana nayo Kiswahili kimepata ushirikina, neno linalotumiwa leo na Wakristo na Waislamu kwa uganga, ramli na hofu ya uchawi. Mhubiri anapowaonya washarika waache ushirikina, anatumia shina moja mara mbili kwa maana zinazopigana. Si mchezo wa maneno tu, kwani yule anayeshuku kwamba jirani yake amemroga hawezi kukaa naye mezani. Ushirikina ndio unaovunja usharika, katika lugha na katika maisha.

Kuna pia kilichopotea. Kwa Kinyakyusa Mungu aliitwa Kyala. Kwa Kikinga, Nguluve. Majina hayo yalikuwa na historia yake kabla ya kuja kwa wamisionari, na mzee aliyejifunza kusali kwa jina hilo hasikii uzito ule ule katika neno Mungu. Kiswahili kimewapa washarika wa Mbeya meza moja, lakini kimewataka kila mmoja aache nje ya mlango sehemu ya maneno ya utoto wake. Nyimbo za lugha za nyumbani, zinaposikika penye misiba, huonyesha kwamba sehemu hiyo haijasahauliwa.

Kwa hiyo haimtoshi mtunga kamusi kuandika kwamba usharika ni eneo lililo chini ya mchungaji. Maana hiyo ipo, lakini ni ya ofisini. Maana ya kwanza ni watu wenye fungu katika kitu kimoja, na kwa maana hiyo ndivyo wenyewe wanavyohukumiana wakiwa hai na kuzikana wakifa.