Deni la Kiti cha Dirishani

Mhariri wa jarida hili aliniomba nieleze namna ya kujiandaa na kusafiri kwenda kwenye mashindano makubwa ya raga. Nimekubali kwa sababu mbili. Kwanza, mimi ni mwanafunzi wa zamani wa hapa, na chama hiki ndicho kilichonifunza kushika kalamu. Pili, nina deni.

Mwaka ulikuwa 2009. Mwezi wa Machi, timu yetu ya taifa ya wachezaji saba ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia kule Dubai. Iliwabwaga Fiji, mabingwa watetezi, 26-7 katika robo fainali, kabla ya Argentina kuwazima vijana wetu 12-0. Nahodha alikuwa Humphrey Kayange, na nduguye Collins Injera alikuwa akifunga kama mtu anayechuma mapera. Habari zilipotufikia hapa Gachoka, raga ikatupanda kichwani kama pepo. Mwalimu wa michezo akatangaza kuwa tungekwenda Nairobi kutazama Safari Sevens, mashindano yaliyoanzishwa 1996 ambayo huleta timu za nchi za nje hadi mlangoni petu. Bweni zima halikulala!

Sasa sikiza hesabu, maana safari ni hesabu. Kikosi cha wachezaji saba wakati ule kilikuwa na watu 12: saba uwanjani na watano wa akiba. Ongeza mwalimu, ongeza mimi mweka hazina, jumla 14. Tangu sheria za Michuki za mwaka 2004, matatu ya viti 14 hubeba abiria 14, kila mmoja na mkanda wake. Mambo ya kupakatana yalikwisha. Tulikuwa tumetoshea barabara.

Kujiandaa kwenyewe kulikuwa hivi. Asubuhi tulikimbia barabara ya Kiritiri kabla jua la Mbeere halijaanza kuchoma. Jioni tulifanya mazoezi kwenye uwanja wenye kokoto, ambapo ukiangushwa unaacha ngozi. Mpira ulikuwa mmoja, umechakaa hadi ukafanana na kiazi. Lakini kazi ngumu ilikuwa yangu, ya kukusanya nauli. Ulikuwa mwaka wa ukame, ndengu zilikauka shambani, na wenye muguka wachache ndio waliokuwa na pesa. Wengi walinilipa kwa shilingi kumi kumi. Winga wetu, kijana mwenye mbio kuliko sisi sote, alibakiza shilingi 150. Nyanyake alikuwa ameahidi kuuza kuku siku ya soko.

Siku mbili kabla ya safari, tukaambiwa lazima mwalimu wa pili aandamane nasi. Mtu mmoja abaki. Mwalimu akaniuliza, "Nani hajamaliza kulipa?"

Ningeweza kusema, "Mwalimu, mimi si mchezaji, wacha nibaki." Sikusema. Nilifungua daftari nikasoma jina la winga. Lilikuwa jina moja tu, na hesabu ilikuwa sahihi kabisa. Yule kijana hakulia. Alinifuata nje akaniambia, "Basi, ndugu yangu, utaniambia kila kitu?"

"Kila kitu," nikamjibu, huku natazama chini.

Tuliondoka saa kumi alfajiri tukiwa na viazi vya kuchemsha na birika kubwa la chai. Embu, Mwea penye mipunga, Makutano, Kenol, Thika. Kutoka Thika tukakwama, kwa sababu barabara ilikuwa inachimbwa kupanuliwa. Ushauri wangu kwa msafiri: panga muda wako, kisha uongeze saa mbili za Nairobi.

Uwanja wa RFUEA, Barabara ya Ngong, ulikuwa na nyasi kama zulia. Niliandika kila kitu daftarini. Mechi huwa ya dakika saba kila kipindi, kwa hiyo ukienda kununua njugu unaweza kurudi ukakuta imekwisha. Trai ni pointi tano, na teke la nyongeza mbili. Teke hilo si la kuweka mpira chini. Unauangusha, unadunda, ndipo unaupiga. Tena, tofauti na raga ya watu 15, timu iliyofunga ndiyo inayoanzisha mpira. Timu hucheza mechi kadhaa kwa siku moja, hivyo muda wa katikati ndio mazoezi yenyewe: wachezaji walikunywa maji, wakajifunika taulo, wakalala kivulini kama watoto. Nilielewa kwamba pale hashindi mwenye mbio tu, bali anayejua kupumzika.

Mashabiki waliimba, wakacheza. Wenzangu walisauka sauti. Mimi kila winga alipochomoka pembeni nilimwona mtu mwingine.

Tuliporudi, jioni ya kesho yake nilimkuta akinisubiri kwenye goli. Nilimsomea daftari lote. Akauliza maswali ambayo hata mwalimu hakuuliza: waliushikaje mpira kwa mkono mmoja, walivaa njumu za namna gani. Halafu akauliza, "Na wewe ulikaa wapi kwenye gari?"

"Nyuma, dirishani."

"Ah, pazuri," akasema.

Kisha akachukua kile kiazi chetu, akakiangusha, kikadunda vibaya kwenye kokoto, akakipiga hivyo hivyo. Kilipaa juu ya mgunga kikatua ndani ya shamba la muguka la jirani. Tulikitafuta pamoja hadi giza likatukuta.