Picha Ambazo Hakuna Aliyeziagiza

Wasomaji wenye umri wa makamo watazikumbuka picha zilizotoka Afrika ya Kusini katika miaka ya 1980. Magazeti ya dunia yalijaa moto, mawe, magari ya askari na watu wanaokimbia. Picha hizo zilikuwa za kweli, nazo zilifanya kazi kubwa ya kuonyesha ubaya wa siasa ya ubaguzi. Lakini mtu aliyezitazama hizo peke yake angeweza kudhani ya kuwa Waafrika wa nchi ile hawakuwa na shughuli nyingine ila kurusha mawe na kuzika wafu wao. Je, ni nani aliyempiga picha mwanamke wa kiwandani akiwa kazini? Ni nani aliyemkumbuka mkulima wa shamba la mzungu, alimaye kwa kugawana mavuno? Habari hii ni ya watu waliojitwika kazi hiyo.

Chama chao kiliitwa Afrapix. Kilianzishwa mwaka 1982, na miongoni mwa waanzilishi walikuwa Bwana Omar Badsha wa Durban na Bwana Paul Weinberg. Hakikuwa kampuni ya tajiri mmoja na vibarua wake, bali ushirika. Picha za wanachama ziliwekwa pamoja, zikauzwa kwa magazeti na mashirika ya ng'ambo, na sehemu ya fedha ikasaidia kazi ya chama. Ndani yake walikuwamo watu wa rangi zote ambazo sheria za nchi ile zilitaka zitengane. Bwana Cedric Nunn, kwa mfano, alitoka katika kazi ya kiwanda cha sukari akashika kamera.

Haikuwa kazi ya mchezo. Wote walimjua Bwana Peter Magubane, mpiga picha aliyewatangulia, ambaye alifungwa peke yake siku 586, kisha akakatazwa kufanya kazi yake miaka mitano. Bwana Badsha naye alikuwa amekwisha kuonja. Mwaka 1979 alitoa kitabu cha picha za watoto, kikiwa kama barua kwa binti yake mdogo, na serikali ikakipiga marufuku. Picha za watoto! Alinyimwa pia pasipoti kwa miaka mingi, hata picha zilizokusanywa kwa mkono wake zikawa zasafiri nchi za mbali naye mwenyewe amebaki nyumbani. Mwaka 1985 serikali ilitangaza hali ya hatari katika wilaya nyingi, na mwaka 1986 katika nchi nzima. Kupiga picha za ghasia na za askari kazini kukakatazwa bila kibali.

Hapo wasomaji wetu watapenda kujua mahali walipokaa. Ofisi yao ya Johannesburg ilikuwa ndani ya Khotso House, jumba la Baraza la Makanisa la Afrika ya Kusini. Khotso kwa Kisotho ni amani. Vyama vingi vilivyokosa pa kukaa vilipata vyumba humo. Usiku wa tarehe 31 Agosti 1988 jumba hilo lilivunjwa kwa bomu. Miaka ilipita, utawala ukabadilika, ndipo Bwana Adriaan Vlok, aliyekuwa waziri wa polisi wakati ule, alipokiri mbele ya Tume ya Ukweli na Maridhiano ya kuwa ilikuwa kazi ya polisi wake.

Wapiga picha hawa walibishana sana juu ya kazi yao. Mwezi wa Julai 1982 wasanii wa Afrika ya Kusini, wa ndani na wa uhamishoni, walikutana Gaborone, Botswana. Huko Bwana Peter McKenzie alisema kwamba mpiga picha hana budi kuwa upande wa wanaopigania haki. Bwana David Goldblatt, mpiga picha mashuhuri ambaye hakuwa mwanachama, alikuwa na maoni yake, ya kwamba kamera si bunduki, wala mpiga picha asichanganye siasa yake na macho yake. Mimi naona wote wawili walikuwa na sehemu ya kweli, maana bila shauku mtu hatoki nyumbani alfajiri na kamera, na shauku ikizidi haoni ila kile alichokwenda kukitafuta.

Tena kulikuwa na mvuto wa fedha. Wanunuzi wa ng'ambo walitaka vurugu. Picha ya mwanamke anayefua nguo haikupata mnunuzi, na picha ya askari na kiboko ilinunuliwa siku ile ile. Hata hivyo chama kiliendelea kufanya kazi ambazo hakuna aliyeziagiza. Bibi Lesley Lawson alitoa mwaka 1985 kitabu juu ya wanawake wa Kiafrika wafanyao kazi za mshahara. Mwaka huo huo Bwana Badsha alitoa kitabu juu ya Inanda, mtaa wa mabanda karibu na Durban. Mwaka 1986 kilitoka kitabu kikubwa cha wapiga picha ishirini juu ya umaskini, The Cordoned Heart, kilichozaliwa katika uchunguzi wa umaskini uliogharimiwa na mfuko wa Carnegie wa Marekani. Wengine walishika kamera za video. Kundi la Video News Services lilirekodi mikutano na migomo ya vyama vya wafanyakazi, mambo ambayo televisheni ya serikali haikuyataka.

Lakini mtu ambaye nataka tumtazame kwa makini ni Bwana Santu Mofokeng, aliyezaliwa Soweto mwaka 1956. Alianza ujana wake kama mpiga picha wa mitaani, yule ambaye watu humwita siku ya arusi, wakavaa nguo nzuri na kusimama wima. Baadaye alisaidia katika chumba cha giza cha kusafishia picha cha gazeti la Beeld, akajiunga na Afrapix mwaka 1985. Chama kilimsaidia kupata kamera na filamu. Bado hakuwa na motokaa, wala chumba cha kusafishia picha huko Soweto. Kwa hiyo, fujo ikitokea leo, picha zake zilifika ofisini zimechelewa, na za wenzake zimekwisha kupelekwa. Kwa kazi ya habari za mbiombio hakufaa. Basi akapiga picha za mambo yasiyokimbia.

Mwaka 1986 alipiga picha ndani ya treni za Soweto. Watu weusi walilazimishwa kukaa mbali na mji walioufanyia kazi, ndiyo sababu maelfu walipanda treni kabla jua halijachomoza na kurudi usiku. Humo ndani walianzisha ibada. Mhubiri mmoja asimama kati ya abiria, wengine waimba, wapiga makofi, wagonga kuta za behewa badala ya ngoma, na mikono imeshika vyuma vya juu ili watu wasianguke. Katika picha hizo, zilizoitwa Train Church, yaani kanisa la treni, mwanga ni hafifu na nyuso nyingi zimefumba macho. Hakuna askari hata mmoja, walakini ubaguzi umo humo humo, kwani ndio uliowapandisha watu hao treni saa hiyo. Nimeona picha nyingi za ibada maishani. Chache zinanifanya nisikie wimbo kama hizi.

Mwaka 1987 alifanya kazi katika New Nation, gazeti la kila wiki lililoanzishwa na maaskofu Wakatoliki wa kusini mwa Afrika. Mhariri wake, Bwana Zwelakhe Sisulu, wakati huo alikuwa kizuizini bila kushtakiwa, akakaa karibu miaka miwili, na mwaka 1988 serikali ikalifunga gazeti lenyewe kwa miezi mitatu. Kisha Bwana Mofokeng akaajiriwa na taasisi ya Chuo Kikuu cha Witwatersrand, akaenda Bloemhof kupiga picha za wakulima wa kugawana mavuno.

Mwaka 1990 alifanya maonyesho ya picha zake Johannesburg. Mgeni mmoja akaandika katika kitabu cha wageni neno la kumshutumu, kwamba anajipatia fedha kwa watu weusi. Neno hilo lilimchoma, naye hakulipuuza. Alikuwa akiingia katika nyumba za watu, na ukutani aliona picha walizozitundika wenyewe: babu amevaa suti na saa ya mnyororo, bibi ameketi na kitabu mapajani. Hazikufanana na picha alizopiga yeye. Yeye alikuwa amewaonyesha kama watu wanaotendewa, nao walijihifadhi kama watu wenye heshima yao.

Afrapix ilivunjika mwanzoni mwa miaka ya 1990. Bwana Mandela alikuwa ametoka gerezani, na wanachama wakashika njia zao. Bwana Badsha baadaye alianzisha hifadhi ya historia ya nchi yake katika intaneti. Bwana Mofokeng alikwenda nyumba kwa nyumba akitafuta picha za kale za familia za Kiafrika, zilizopigwa kati ya 1890 na 1950, nyingi zimefifia na kuliwa na wadudu. Alizinakili akazisafisha, akauliza wajukuu: huyu ni nani, alifanya kazi gani, nguo hizi alizipata wapi? Matokeo aliyaita The Black Photo Album. Alifariki mwezi wa Januari 2020. Baadhi ya picha zile zina jina na habari za mtu kwa ukamilifu. Nyingine, waliomfahamu mtu huyo walikuwa wamekwisha kufa, na jina halikupatikana tena.