Njia Isiyopigiwa Hodi

Mara yangu ya kwanza kutembea Shropshire, kaunti ya wakulima na wafugaji iliyo magharibi mwa Uingereza mpakani na Wales, nilikwama uani kwa mtu. Njia niliyokuwa naifuata ilishuka kutoka kilimani, ikakata malisho mawili, kisha ikaingia katikati ya boma: huku zizi, huku nyumba, nguo zimeanikwa kambani, mbwa amejilaza mlangoni. Nikasimama getini. Nimelelewa kwamba uani kwa mtu hakuingiwi bila hodi, hodi yenyewe ni mara tatu, na usipojibiwa unarudi ulikotoka. Basi nikaita. Akatoka mama mmoja mwenye mabuti ya mpira, ndoo mkononi, akanitazama kama mtu aliyeombwa ruhusa ya kutumia barabara ya lami. Akanionyesha kwa kidole mshale wa njano uliopigiliwa kwenye nguzo, akaendelea na ndoo yake.

Kazi yangu ni upimaji wa ardhi, kwa hiyo nilipaswa kujua. Mama yule hakuwa na ruhusa ya kunipa. Udongo ni wake, nyasi ni zake, hata jiwe lililonikwaza pale getini ni lake. Haki ya kupita ni ya umma, na ilikuwepo kabla yeye hajaolewa pale.

Kwa lugha yetu ya hati, njia ya namna hii ni mzigo uliobebwa na ardhi. Ukinunua shamba umenunua na wapitaji wake. England na Wales kwa pamoja zina takriban kilomita 225,000 za njia hizi, na Shropshire peke yake ina zaidi ya 5,000. Hazikuchorwa na ofisi ya mipango miji. Ni nyayo za watu waliokuwa wakienda kanisani, kinuni, sokoni, au kwenye machimbo ya madini ya risasi kule Snailbeach, chini ya vilima vya Stiperstones. Nyingine ni za waswagaji kutoka Wales waliokuwa wakishusha ng'ombe kwa miguu kwenda kuuzwa katika miji ya England. Mchimbaji na mswagaji hawapo tena. Njia zao zimebaki, kwa sababu sheria ya nchi ile inasema njia ikishakuwa ya umma hubaki ya umma hata ikiota magugu miaka mia, mpaka amri ya kisheria iifute.

Mshale wa njano ni wa mtu wa miguu. Wa bluu unaruhusu pia farasi na baiskeli, wa zambarau unaongeza mikokoteni ya kukokotwa na farasi, na mwekundu unaruhusu hata magari. Hayo unayajua ndani ya nusu saa. Lililonichukua muda ni namna njia inavyozaliwa.

Sheria ya barabara ya 1980 inasema, kwa ufupi, kwamba umma ukipita mahali kwa miaka 20 mfululizo bila kuzuiwa, mwenye ardhi anahesabiwa kuwa ameitoa njia hiyo, isipokuwa pawe na ushahidi kwamba hakukusudia. Ila kupita kwenyewe kuna masharti matatu yaliyorithiwa kutoka sheria za Kirumi: kusiwe kwa mabavu, kusiwe kwa kificho, kusiwe kwa ruhusa. Hilo la tatu lilinichekesha peke yangu ndani ya treni. Aliyevunja kufuli hana haki. Aliyenyata usiku hana haki. Na yule mstaarabu aliyebisha akakaribishwa, naye hana. Miaka yake yote ya kupita kwa hisani haihesabiwi hata siku moja. Kama njia ile ya uani ingekuwa bado inadaiwa, hodi yangu ingekuwa ushahidi dhidi ya umma.

Wenye mashamba wanalijua hili vizuri. Ukikuta kibao cha upole, kwamba karibuni mpite kwa ruhusa ya mwenye ardhi, usidhani ni ukarimu mtupu: kibao hicho kinaisimamisha saa ya miaka 20. Kibao cha vitisho, kile cha kusema wavamizi watashtakiwa, mara nyingi kina sauti kubwa kuliko meno yake, kwani kukanyaga ardhi ya mtu bila haki ni suala la madai kwa kawaida, wala si jinai. Mimi nikiwa mwenye shamba ningeweka cha upole.

Nyayo zinahitaji karatasi pia. Mwaka 1949 bunge lilipitisha sheria iliyozitaka halmashauri za kaunti zichore ramani rasmi ya njia zote za umma. Kilichomo kwenye ramani hiyo ni ushahidi usiobishika mahakamani. Kazi ya kuzunguka na kuorodhesha ikaangukia sana mabaraza ya parokia, yaani ngazi ya kijiji, na hapo ndipo mambo yalipokwenda kibinadamu. Parokia yenye watu makini iliandika kila kichochoro. Ya jirani, penye uvivu au penye bwana shamba mwenye sauti barazani, iliandika nusu. Matokeo yake unayakanyaga hadi leo: njia inakuja vizuri, inafika mpaka wa parokia katikati ya malisho, inakatika. Hakuna mto, hakuna ukuta. Mbele yako ni nyasi zilezile, kondoo walewale, na huna haki ya hatua moja zaidi. Nimeona mipaka mingi ya ajabu kazini, lakini huu wa kukatiza mtu safari kwa sababu ya kikao cha miaka ya 1950 unaongoza.

Mgeni anayekwenda vilima vya Shropshire atafute ramani ya Ordnance Survey ya jalada la chungwa, karatasi namba 217, ambayo sentimita 4 zake ni kilomita moja ardhini. Vistari vifupi vya kijani ni njia za miguu, virefu vya kijani ni za farasi. Vistari vyeusi navyo vinaonyesha kwamba kijia kipo ardhini, basi. Havikupi haki yoyote, na ramani yenyewe inatamka hivyo pembeni. Mimi mpima ardhi nilifuata vyeusi kwa dakika 40 na kuishia kwenye seng'enge, suruali ikachanika pajani. Rangi ni ya kuangaliwa kabla ya umbo.

Mkulima naye ana masharti yake. Njia ikipita katikati ya shamba anaweza kuilima, lakini lazima airudishe ionekane na ipitike, upana usiopungua mita moja kwa watu wa miguu na mita mbili kwa farasi. Kwa tifuo la kwanza la msimu ana siku 14; akitifua tena kwa mazao yaleyale, ana saa 24. Njia ya pembeni mwa shamba haruhusiwi kuilima kabisa. Ndiyo maana mwezi Juni utaona shamba la ngano la kijani limechanwa katikati kwa mstari mwembamba ulionyooka kuelekea mnara wa kanisa, na ukiingia humo mashuke yanakugusa kiuno pande zote mbili huku mguu unakanyaga udongo mtupu. Ukikuta njia imezibwa, unaruhusiwa kuondoa kizuizi kwa kiasi cha kukupitisha wewe, mradi hukutoka nyumbani na shoka kwa nia ya kubomoa.

Kati ya malisho na malisho kuna wigo wa miiba, na kwenye wigo kuna ngazi ya mbao ya kuruka, au lile lango dogo linalocheza ndani ya kizimba cha nusu duara. Unaingia, unalivuta upande wa pili, unatoka. Mtu anapita, kondoo anashindwa. Waingereza huliita lango la kubusu kwa vile ubao wake unaigusa nguzo tu. Mwenye ardhi ndiye anayelitunza, na halmashauri humchangia angalau robo ya gharama.

Halafu kuna fahali. Hapa mfugaji wa Limuru au Rungwe atajisikia nyumbani, maana sheria ya 1981 inawataja ng'ombe kwa majina anayoyajua: Friesian, Ayrshire, Jersey, Guernsey. Fahali wa koo hizo za maziwa, akishapita umri wa miezi 10, haruhusiwi kuachwa kwenye malisho yanayopitiwa na njia ya umma. Aliyewahi kufuga Jersey dume hahitaji kuelezwa kwa nini: mdogo wa mwili, macho mazuri, roho mbaya. Fahali wa nyama anaruhusiwa, ila awe pamoja na majike. Nilimpita mmoja wa aina ya Hereford, mwekundu mwenye uso mweupe, amelala katikati ya wake zake anacheua, kichwa chake kikubwa kama mtungi wa gesi. Hakuinua hata sikio. Wa kuogopwa zaidi ni ng'ombe mwenye ndama anapomwona mtu na mbwa. Ng'ombe wakikujia, mwachie mbwa kamba. Ni yeye wanayemtaka, na mbio anazijua kuliko wewe.

Nimesema njia hizi ni za kazi, na kwa hilo kuna kisa cha Long Mynd, mgongo mrefu wa mlima unaosimama juu ya mji mdogo wa Church Stretton. Kilele chake, Pole Bank, ni mita 516 tu, kimo ambacho kwetu wengine ni cha kuchungia mbuzi. Mchungaji Donald Carr alikuwa na makanisa mawili, moja Woolstaston upande huu wa mlima, jingine Ratlinghope upande ule (wenyeji hutamka Ratchap, na wanafurahi kuona mgeni akijikwaa). Kila Jumapili aliukatiza mlima kwenda kuongoza ibada ya pili. Tarehe 29 Januari 1865 theluji ilikuwa nzito; alifika, akasalisha watu wachache, na kama saa kumi jioni akaanza kurudi. Tufani likamkuta juu. Akapoteza kofia na glavu, akaporomoka makorongoni gizani, buti zikamtoka miguuni, mng'ao wa theluji ukamtia upofu kesho yake. Baada ya saa zipatazo 22 alitokeza bonde la Carding Mill, na watoto waliokuwa wakicheza pale walipoona kile kitu kinachowajia wakatimua mbio. Alipona, akaandika kitabu kidogo kuhusu usiku ule.

Bonde hilohilo leo lina mgahawa na maegesho ya magari, chini ya shirika la National Trust. Kutoka stesheni ya Church Stretton unafika kwa miguu. Unafuata kijito, unakata kushoto kwenye maporomoko madogo ya Lightspout, unaibukia kwenye Portway, njia ya kale iliyotambaa juu ya mgongo wa mlima. Mwezi Agosti mimea mifupi iitwayo heather inachanua na mlima mzima unakuwa zambarau. Juu huku sheria inabadilika tena: Long Mynd ni ardhi ya malisho ya pamoja, na tangu sheria ya 2000 mtu wa miguu anaweza kuacha njia na kuzurura atakako. Ardhi ya namna hii ni takriban asilimia 8 tu ya England, na kwenye ramani imepakwa njano hafifu. Ukishuka tena ukaingia penye wigo, unarudi kwenye mstari wako. Usilisahau jua: Juni linazama kama saa tatu na nusu usiku, Desemba saa kumi jioni limeshaondoka.

Sheria hiyohiyo ya 2000 iliweka tarehe ya mwisho ya kudai njia za kale zilizosahaulika kwenye ramani: Januari 1, 2026. Baadaye ikasogezwa hadi 2031, na Desemba 2024 serikali ikatangaza nia ya kuifuta kabisa. Wakati huo wote wastaafu na wapenzi wa historia wamekuwa wakiinamia makaratasi kwenye hifadhi za nyaraka: ramani za zaka za baada ya 1836, hati za kugawanya malisho ya zamani, kumbukumbu za kodi. Utamu uko kwenye za kodi. Kuanzia mwaka 1910 ardhi yote ilithaminiwa kwa ajili ya kodi mpya, na mwenye shamba aliyekiri kwamba umma unapita kwake alipunguziwa thamani. Wengi walikiri upesi. Sasa mjukuu anafika mbele ya mkaguzi anayesikiliza dai na kuapa kwamba pale hapajawahi kuwa na njia, na mzee wa upande wa pili anafungua bahasha, anatoa nakala ya daftari la 1910, na kuweka kidole kwenye namba ya shamba, neno njia ya umma, na kiasi cha pauni alichopunguziwa babu, kwa wino.