Mtu wa kuigiza: kitu gani kinafanya watu wamfuate?

Kila carrière iko na watu wake wa kuchekesha. Kazi ikiisha, mmoja anajifanya PDG wa shimo, mwenzake anakuwa négociant na mizani yake, wa tatu anakuwa mama wa kutwanga mawe anayedai deni. Hakuna karatasi, hakuna maneno ya kukariri. Lakini kuna anayeiga, watu wanacheka mara moja, kisha wanarudia mazungumzo yao. Kuna mwingine, hata ugali ukipoa hakuna anayeondoka. Tofauti iko wapi?

Kule Lubumbashi, mji wa migodi ambako Union Minière ilipeleka hata watu wa Maniema, kundi la Mufwankolo lilifanya kazi hiyo miaka mingi. Lilijulikana sana kwa radio na televisheni, kwa michezo yake ya Kiswahili cha watu wenyewe. Mwaka 1986, Johannes Fabian, mtaalamu wa mila za watu, aliwauliza wachezaji hao maana ya msemo alioambiwa wakati wa kula kuku, gésier ilipofika mezani: « Le pouvoir se mange entier. » Yaani utawala unaliwa mzima, haukatwi vipande. Firigisi ni ya chifu.

Hawakumjibu kwa hotuba. Walikaa, wakabishana, wakapanga matukio, wakagawana watu wa kuigiza: chifu, wakubwa wake, wanakijiji. Halafu wakaucheza mchezo katika kijiji cha Kawama, na televisheni ikauonyesha. Maneno hayakuandikwa kwanza. Kila mchezaji alijua anacheza nani, maneno yakatoka humo. Fabian aliyaweka kwenye kitabu kilichotoka mwaka 1990.

Kazi ya namna hiyo inatufundisha mambo matatu, hata kwa vijana wanaoandikiana hadithi kwa simu, kila mmoja na mtu wake.

Kwanza, mtu wa kuigiza lazima atake kitu. « Huyu ni creuseur hodari » haitoshi. Anatafuta nini? Anataka kulipa minerval ya mtoto kabla hajafukuzwa shule. Sasa kila neno lake lina uzito, na sisi tunangoja: atapata ao hatapata?

Pili, lazima awe na mahali anapoumia. Asiyeshindwa, asiyeogopa, anayejua yote, anachosha haraka. Angalia sungura wa hadithi zetu: ana akili, lakini ni mdogo kati ya wanyama wakubwa, na siku nyingine ujanja wake unamponza. Angekuwa na nguvu za simba, nani angekesha kumsikiliza?

Tatu, aachie wengine nafasi. Hapa mchezo unapingana na ule msemo. Utawala unaweza kuliwa mzima, lakini mchezo ukiliwa na mtu mmoja, unakufa. Mchezaji anayejibu kila swali, anayeua kila adui, amewanyima wenzake firigisi, na wao wanabaki kutazama tu. Mtu mzuri wa kuigiza anauliza, anadai, anakosa, na mwenzake anapata la kufanya.

Chukua huyu négociant. Ukimcheza mwizi tupu, anayekanyaga mizani na kucheka, wachimbaji watapiga makofi. Négociant wa kweli, akiwa kati ya watazamaji, atacheka pia, maana yule si yeye. Lakini mpe deni: pesa anazonunulia dhahabu ni za mkubwa wa mjini, na mkubwa anapiga simu kila saa. Mpe mke mgonjwa. Sasa anapopunguza bei tunamwona akiangalia chini. Bado anamwibia mchimbaji, hakuna aliyemsamehe. Lakini watazamaji wameelewa pesa inatoka wapi na nani anabana nani. Na négociant wa kweli ameacha kucheka.

Ndiyo sababu jambo hili si la kupoteza wakati tu. Shimoni kuna maneno ambayo mtu hawezi kumwambia PDG uso kwa uso: atapoteza nafasi yake, na kesho watoto watakula nini? Mtu wa kuigiza anaweza kuyasema. Anayasema vizuri zaidi akiwa mtu kamili, mwenye njaa yake na aibu yake, kuliko akiwa sanamu ya kupigwa mawe.

Basi, wanaopenda kucheza ao kuandika, kutoka Kasongo mpaka Salamabila, wajilinde kwa jambo moja: wasimpe mtu huyo jina la jirani, wala kofia yake, wala namna yake ya kuchechemea. Wachukue kicheko cha mmoja, deni la mwingine, woga wa wa tatu, wamtengeneze mtu mpya. Itakuwa vigumu mtu kuwashitaki. Na kama kila aliye hapo anafikiri « huyu ni mimi », mjue mmempata.